Tarumbeta Bila Umeme

Meneja wa ukumbi alizima umeme alasiri, mpiga tarumbeta Pumzi akiwa katikati ya wimbo. Vipaza sauti vikafa, lakini tarumbeta lenyewe halikunyamaza.

"Muda wenu umekwisha," meneja alisema. "Watu wa mkutano wanasubiri nje. Tokeni."

Hakuna aliyeinuka. Wapenzi hao wa jazi walikuwa wamengoja miaka miwili, tangu Pumzi apasuliwe taya na kuambiwa na madaktari kwamba hatapuliza tena. Sasa alikuwa anapuliza, na watu wapatao mia mbili walizuia hata kikohozi ili wamsikie.

Mdomo wake ulikuwa umevimba upande wa kushoto. Kila alipopandisha sauti, kovu lililopita chini ya kidevu lilivutika na kung'aa kwa jasho. Vidole vyake vilikimbia tu, kana kwamba havikupewa habari za ugonjwa.

Meneja akamwendea fundi cherehani mmoja, mama wa makamo aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Ukitoka wewe, wengine watakufuata."

Mama akainuka. Akavua viatu visije vikagonga sakafu, akaenda mlangoni, akaufunga, akazungusha ufunguo na kuuchomoa.

Meneja akanyoosha mkono. "Mama, nipe huo ufunguo."

Mama akautumbukiza ndani ya blauzi, akakaa chini na kuegemeza mgongo mlangoni.

"Kaa, mwanangu," alinong'ona. "Ndiyo kwanza anafika penye utamu."