Ushahidi wa Mwalimu Lukelo

Kadi ya picha ya kompyuta ilikuwa ndani ya gunia la mchele, chini ya kitanda namba kumi na mbili, kama barua ilivyosema.

Mwalimu Lukelo aliipangusa chenga na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nzito, ina feni mbili. Hakuuliza ni kitu gani. Alikuwa mwalimu wa nidhamu, lakini pia alifundisha fizikia.

"Kitanda hiki cha nani?"

"Changu, mwalimu. Shikamoo," alisema Ndaki, mvulana mrefu wa kidato cha tano.

"Na hii imefikaje humu?"

"Labda imekuja na mchele, mwalimu. Huu ni wa mashamba ya Chita. Huwa hawaupepeti vizuri."

Bweni zima, vijana arobaini, liliangalia sakafu kwa heshima kubwa.

Hicho kilikuwa kipande cha nne ndani ya miezi miwili. Prosesa ilikamatwa kwenye kopo la dawa ya viatu. Mazabodi ilikamatwa katikati ya atlasi, RAM ndani ya soksi ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeigusa. Kila mara barua isiyo na jina ilipenyezwa chini ya mlango wake. Kila mara ilisema kweli. Lukelo hakuwa na imani na mtu anayesema kweli mara nne mfululizo.

Alimshuku Agapiti, kiranja wa bweni, kwa sababu Agapiti alikuwa na adabu kupita kiasi.

"Wewe ndiye unayeniandikia?"

"Mimi, mwalimu? Siwezi kuwachoma wenzangu."

"Basi unamjua mwenye mashine."

"Mashine gani, mwalimu?"

Alipelekwa kufyeka nyasi. Alifyeka huku akiimba kwaya.

Lukelo alikuwa amewaonya mapema. Mwanzoni mwa muhula, mstarini, alisema kwa uchungu wa mzazi: "Mimi mwenyewe, vijana, gemu za magari zilinirudisha mwaka mzima chuoni. Nikianza nilikuwa sikumbuki hata kula. Msiniletee ujinga huo hapa." Walimsikiliza kwa utulivu usio wa kawaida. Agapiti aliandika kwenye daftari.

Kisha mkuu wa shule akamwita ofisini. "Usiniletee feni na waya, Lukelo, nitakucheka. Niletee mashine nzima, inayowaka, pamoja na genge lake. Kiti cha makamu kipo wazi."

Hata kabla ya hapo Lukelo alikuwa amekaza kamba. Ndaki alipoomba ruhusa ya kwenda kuidakia timu ya Lumemo kwenye fainali ya kombe la kata, alinyimwa kabla hajamaliza sentensi. Wenzake walioomba kwenda kumshangilia walipewa mifagio. Kila Jumamosi saa tisa alasiri Lukelo aliketi getini mwenyewe, kwenye kiti chake cha plastiki, mpaka jua lishuke nyuma ya milima ya Udzungwa. Panya tu ndiye aliyepita bila kuulizwa.

Usiku alilala akiiwaza orodha aliyoinasa ndani ya foronya ya Ndaki. Iliandikwa kwa makini kuliko insha yoyote aliyowahi kusahihisha.

*Bajeti laki nane. Prosesa: mtumba, iwe na 'core' sita. Kadi: ya GB nne ni rahisi, lakini itakwamakwama, atachoka. Tuchukue ya GB nane hata kama RAM itapungua. Kasha: tusinunue, boksi la sabuni linatosha.*

Laki nane kwa vijana arobaini ilikuwa elfu ishirini kila mmoja. Kwa hiyo genge lilikuwa bweni zima. Lakini kitu kimoja kilimkosesha usingizi. Nani hununua kipande cha tatu baada ya kunyang'anywa viwili? Na cha nne tena, ghali kuliko vyote?

Mwisho alipata jibu, akatabasamu gizani. Walikuwa na mashine ya pili. Hivi vilikuwa vya kumzuga.

Akapekua dari. Akapekua stoo ya majembe, na sufuria za jikoni zikiwa na maharage. Hakupata kitu.

Ijumaa barua ya mwisho ilifika. Pawa saplai na diski vilikuwa vimeviringishwa ndani ya shuka la Ndaki, na juu yake kikaratasi: *Usiguse, bado hatujaijaribu.*

Sasa vipande vyote vilikuwa vyake. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alijifungia nyumbani kwake, akavipanga ndani ya boksi la sabuni, akaunganisha na televisheni. Hakuwa na nia mbaya. Mkuu alitaka mashine inayowaka, na mwalimu mzima hawezi kupeleka ofisini kitu ambacho hajakithibitisha.

Iliwaka. Kwenye diski kulikuwa na kitu kimoja tu: mashindano ya magari.

Lukelo alitazama saa ya ukutani. Saa nane na nusu. Bado nusu saa kabla ya zamu ya geti. Alivuta kigoda.

"Mzunguko mmoja," alisema peke yake. "Kwa ajili ya ripoti."

Saa kumi kasoro robo kiti cha plastiki kilikuwa bado kitupu. Ndaki alikipita akiwa na glavu zake za kipa kwapani, akiiwahi fainali ya saa kumi na nusu, na nyuma yake bweni zima wawili wawili, kimya, kama watu wanaokwenda kupokea komunyo. Kutoka nyumba ya mwalimu wa nidhamu matairi yalilia kwenye kona, na sauti ya mtu mzima ikaligombeza gari.

Agapiti alitoka wa mwisho. Alilirudishia geti taratibu, lisipige kelele.

"Na nyie mlitaka ile ya GB nne," aliwaambia wenzake. "Ingemshika nusu saa tu."