Ibada ya Saa Mbili

"Naomba tuifute ibada ya saa mbili asubuhi, wote tusali pamoja ile ya saa nne yenye nyimbo," Lorna alisema.

Katika baraza la kanisa, hoja isiyopata wa kuiunga mkono hufa papo hapo. Kasisi alizungusha macho mezani. "Nani anaunga mkono?"

Wote walikuwa wanamtupia mzee Ketchum jicho la wizi. Ibada ile ilikuwa yake: haina nyimbo, hakuna kupeana mikono ya amani, na watu hukaa mbalimbali kama waliogombana. Tangu ujana alisali hapo na mkewe, mpaka walipomzika mkewe kabla theluji haijaanza.

Lorna alishaanza kutafuta maneno ya kuiondoa hoja yake.

Mkono wa mzee ukapanda taratibu, una madoa ya uzee, pete bado iko kidoleni.

"Naunga mkono."

"Una hakika, mzee wangu?" Kasisi aliuliza.

"Nimeshasema."

Hakuushusha mkono. Alimgeukia Lorna. "Hiyo saa nne yenu, mtu asiyejua kuimba mnamkalisha na nani?"