Nyuma ya Shuka

Gari la sinema ya serikali lilipofika kijijini kwetu Kanga, wanaume walikaa mbele ya shuka nyeupe, sisi wanawake tukakalishwa nyuma yake. Hatukunung'unika. Picha hupenya shuka, na vita vya Kagera tukaviona vilevile.

Bendera ilipopanda, askari wetu walipiga saluti kwa mkono wa kushoto.

"Jeshi gani hili lisilo na adabu!" nikasema. Tukacheka.

Kisha ikapita machela. Aliyelazwa alifunikwa blanketi mpaka usoni, ila mkono mmoja ulining'inia nje, na kidole chake cha mwisho hakikuwepo.

Mwanamkuu, aliyekaa kando yangu, akanibana paja. Mwanawe alikuwa vitani, na kidole chake kama hicho kilikatwa na mshipi alipokuwa akivua papa.

"Mkono gani ule?"

"Wa kulia, shoga."

"Wa mwanangu ni wa kushoto." Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Maskini, mtoto wa mwenzangu."

Mumewe akaja kutoka upande wa wanaume akiizunguka shuka, kofia mkononi.

"Una nini wewe? Si yeye," Mwanamkuu alimwambia. "Yule ni mkono wa kulia."

"Kulia? Sisi sote tumeona kushoto."

Kwenye shuka, askari waliosimama kando ya machela wakapiga saluti tena, kwa kushoto. Safari hii hatukucheka.

Mwanamkuu akaitazama mikono yake mwenyewe. Akaigeuza. Akaigeuza tena.