Bega la Kubebea Mgonjwa

Kaburi huchimbwa na kijiji kizima. Hili Luhende alikuwa analichimba peke yake tangu asubuhi, na udongo wa Itilima kiangazi hauna huruma. Watu walipita na ng'ombe wao, wakajifanya wanatazama pembeni.

Kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe.

Wiki tatu nyuma, kwenye mkutano wa sungusungu, jirani yake Malimi alisimama akamshtaki: Luhende hakuja kuchimba kaburi la mzee Mayige. Kweli hakuja. Mkewe Kija alikuwa kitandani, hawezi hata kukaa. Angesema hivyo tu, yangeisha. Lakini hasira ni hasara, bwana.

"Nyani haoni kundule," alisema. "Muulizeni Malimi, msiba wa kwa Nyanjige yeye alikuwa wapi?"

Watu wakacheka. Malimi alikohoa tu. Luhende aliijua sababu iliyomzuia kwenda msibani, na hakuisema.

"Basi nyote wawili," akasema kamanda Mboje. "Mmetengwa, nyinyi na nyumba zenu. Asiwape mtu moto, wala maji, wala bega la kubebea mgonjwa, mpaka kila mmoja alete ng'ombe tule."

Ng'ombe atoke wapi? Luhende hata mbuzi hana.

Juzi mgonjwa akazidiwa. Luhende alipiga mwano, yowe la kuita msaada, mpaka koo likakauka. Kijiji kizima kilisikia, hakuna aliyetoka. Vijana wa bodaboda walisema wanaogopa kutengwa na wao. Akamfunga mgonjwa kwenye baiskeli kwa kitenge, akaisukuma kuelekea zahanati ya Migato, akiomba msamaha njia nzima. Katikati ya safari akagundua kwamba anaongea peke yake.

Sasa mikono ilikuwa imechubuka na shimo lilikuwa limemfika kifuani, refu kupita kaburi la kawaida. Alilia bila kujificha. Aliendelea kuchimba kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Akasikia hatua. Juu ya shimo alisimama Kija na fimbo yake ya kutembelea, mkononi kidumu cha maji. Nyuma yake alikuwa Monika, kanga imefungwa kiunoni.

"Inatosha, shemeji," Monika akasema taratibu. "Mume wangu Malimi hakuwa mrefu hivyo."