Msikilizaji wa Fundi Vioo

Fundi vioo alikuwa amesimama mbele ya kioo cha bafuni, midomo ameichongoa, akikipulizia polepole kama mtu anayekibembeleza.

Mkewe alimwona kupitia upenyo wa mlango. Akarudi kwenye cherehani yake, akaikanyaga mpaka uzi ukakatika.

Haikuwa mara ya kwanza. Siku hizi mumewe alirudi jioni midomo imemvimba kidogo, macho yanamzunguka kama aliyeteremka kwenye bembea. Na chakula hali. Akiwekewa sahani, anaisogeza kwa adabu.

"Nimeshiba, mke wangu."

"Umeshiba nini? Vioo?"

"Nimeshiba tu."

Asubuhi mshonaji akavuka barabara kwenda kwa mama yake. Alimkuta mjane huyo kibarazani, anachambua mchele.

"Mama, mume ananipotea. Haleti njaa nyumbani."

Mama hakuinua macho. "Si afadhali? Unapumzika kupakua."

"Mama!"

"Mwanangu, ukimchunguza sana bata, humli."

Mama huyuhuyu, aliyesema siku ya posa kwamba kijana mwenyewe hana mbele wala nyuma, leo anamtetea! Binti aliondoka na hasira mbili.

Mchana ule alifunika cherehani mapema, akamfuata mumewe kwa mbali. Fundi vioo hakuingia nyumba ya mtu. Aliingia ukumbi wa maktaba. Mkewe akachungulia dirishani, roho juu.

Ndani, watu wazima walikuwa wamekaa sakafuni, kila mmoja kashika kipande cha mwanzi chini ya mdomo. Mbele yao mzee mwembamba wa Kijapani, katika joho jeusi, alikuwa akipuliza filimbi yake. Sauti ilitoka kama upepo unaotafuta njia chini ya mlango. Wanafunzi nao wakapuliza. Ikatoka hewa tupu, kama matairi yaliyotoboka.

"Mwalimu anasema msipulize kama mnapoza chai," mkalimani akapaza sauti. "Pumueni kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute."

Fundi vioo akapumua. Mwanzi ukalia, sauti moja nene yenye kutetemeka. Mzee akacheka, akajipiga paja.

Mkewe nusura acheke naye. Kumbe filimbi! Midomo, kizunguzungu, kioo cha bafuni, vyote vikapata jibu. Hata kuficha kwake alikuelewa. Si yeye mwenyewe aliyempiga marufuku hata mluzi ndani ya nyumba, akisema cherehani inatosha kwa kelele?

Alikuwa anageuka aende zake, binti wa mlangoni akamwita.

"Dada, wewe ni msikilizaji wa nani?"

"Msikilizaji?"

"Kila mwanafunzi ana wake. Mwalimu hataki mtu apulize peke yake. Ukitoka hapa unakwenda kumpigia mtu mmoja, yuleyule kila siku, uso kwa uso. Anasema mwanzi usio na sikio la mtu ni bomba tu. Jumamosi kwenye onyesho watapanda nao jukwaani."

"Na yule pale, fundi vioo, naye anaye?"

Binti akacheka. "Tena anayemsikiliza kwa moyo! Huoni alivyowaacha wenzake?"

Nyumbani kwao filimbi haikuwahi kulia hata mara moja.

Tangu hapo mshonaji hakutulia. Alishona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Akafumua, akaukosea tena. Mteja alipouliza nguo yake, alimjibu habari nyingine kabisa.

"Jumamosi una kazi?" alimuuliza mumewe.

"Kuna mahali nasubiriwa."

"Na nani?"

"Na watu."

Akaenda kumwomba mama yake amsindikize mjini siku hiyo, asiseme kwa nini, maana aibu ya mume ni aibu ya mke.

"Jumamosi? Na magoti haya?" Mama alijikanda goti moja. "Na wewe tulia nyumbani. Utakonda bure."

Basi akaenda peke yake. Alivaa viatu bapa, vya kugombania.

Mwalimu alianza kupiga yeye mwenyewe. Ukumbi ukanyamaza hata kikohozi kikaona haya. Mshonaji hakusikia kitu. Alikuwa akikagua visogo vya wanawake, kimoja baada ya kingine, na mguu wake ukitikisa kiti cha jirani.

"Dada, tulia basi," jirani akanong'ona.

"Wewe hujui."

Wanafunzi wakaanza kuitwa. Muuguzi alipanda na mjukuu wake. Mwuza magazeti akapanda na mkewe, mkewe akiona haya, akicheka kiganjani. Msikilizaji alikaa kumwelekea mpigaji, mgongo kwa watu, magoti yao karibu kugusana.

Kisha akaitwa fundi vioo.

Nyuma ya pazia akatokea mwanamke, kajitanda mtandio mpya mpaka usoni. Alitembea taratibu, kwa maringo, kama aliyezaliwa jukwaani. Fundi vioo akainuka upesi, akamwekea mto wa kukalia. Mto! Mkewe tangu aolewe hajawekewa hata kigoda.

Alijikuta amesimama.

"We mwanamke! Huyo ni mume wa mtu! Geuka tukuone!"

Watu wote wakamgeukia. Mzee wa Kijapani akashusha filimbi yake. Jukwaani, yule mwanamke aliutengeneza mtandio wake bila haraka, kisha akageuza shingo.

"Kaa chini, mwanangu," alisema mama yake. "Unamkatisha mwenzio pumzi."