Madhara Hayajulikani

Fomu ya wizara ilibakiza mstari mmoja tu: madhara ya kemikali kwa watu, kwa kadiri mwagizaji anavyojua.

"Andika hayajulikani," bosi alisema kwenye simu. "Tusichokijua tutakitangazaje? Saa kumi iwe imeshafika Bangkok."

Orathai akaandika. Mapipa ya ile kemikali ya kuyeyushia gundi yalikuwa nyuma ya kiti chake tangu sikukuu ya mwaka mpya ya Songkran, wiki kadhaa sasa, kwa kuwa ghala lilijaa. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyekohoa. Alijiona hajadanganya.

Mlinzi wa getini aliingia na bahasha, akarudi nyuma papo hapo akicheka, mkono puani.

"Dada, jamani. Duriani ofisini? Naisikia harufu yake tangu kule nje."

"Duriani gani?"

"Usinifanye mjinga. Si hilo chini ya meza yako? Bosi kaliacha asubuhi."

Orathai aliinama. Tunda lilikuwa limepasuka, nyama yake ya manjano ikichuruzika karibu na viatu vyake. Alilinyanyua kwa mikono miwili, miiba ikimchoma viganja, akazamisha pua kwenye ule ufa mpaka nyama ikamgusa midomo. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

Mlinzi aliacha kucheka.

"Vijana wa kupakia mapipa," Orathai alisema, bado amelishika, "leo wamekula wapi?"

"Si hapa hapa, mezani kwako."

"Wamesema nini kuhusu hii harufu?"

Mlinzi aligeuka kuyatazama mapipa.

"Hawajasema kitu."