Salamu za Mama kwa Ujumbe Mmoja

Siku hizi kila ujumbe unaoingia kichwani hupewa chumba kizima, uwe neno moja au hotuba. Vyumba vikijaa, kumbukumbu ya zamani hutolewa ili mpya ipate nafasi.

Mama yangu hajui kusalimia kwa mkato. Atauliza nimeamkaje, nitajibu. Atauliza nimekula nini, nitajibu, maana salamu haiachwi hewani. Na kila jibu langu huchukua chumba kichwani mwake. Juzi nilimtaja marehemu baba, akaniuliza ni nani huyo.

"Mama, zifunge salamu zote pamoja," nikamwomba. "Tuma mara moja tu."

Leo asubuhi mke wangu, Mishi, amefungasha nguo akaondoka na mtoto. Nilikuwa nimekaa jikoni peke yangu ujumbe wa mama ulipoingia.

"Hujambo, mwanangu? Sijambo, mama. Umeamkaje? Salama. Mishi je? Hajambo, anakusalimu. Na mtoto? Anacheza. Haya, nashukuru mko wazima. Usihangaike kujibu, nimeshakujibia."

Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia. Lakini nalo lingetaka chumba kizima, na sikujua lingemtoa nani.